Karatasi Iliyobebwa na Ngamia

Mtoto wa Tarbaj, kabla hajajua kusoma, hufundishwa kuhesabu mababu zake. Husema jina lake, kisha la baba, kisha la babu, na kuendelea hivyo hata majina kumi, kumi na matano, au zaidi. Elimu hiyo Wasomali huiita abtirsi, nayo ilihifadhiwa kwa ulimi zamani sana kabla lugha yao haijapewa mwandiko rasmi wa herufi za Kilatini huko Somalia mwaka 1972. Ni elimu yenye heshima kubwa. Lakini ina upungufu mmoja: hutaja majina, wala haitaji matendo. Kijana aweza kumtaja babu yake wa kumi na mbili bila kusita, naye asiweze kusema baba yake mwenyewe alikuwa wapi mwezi wa Februari mwaka 1984.

Mambo ya namna hiyo mara nyingi hujulikana baada ya maziko. Wageni wakisha kuondoka, watoto hufungua sanduku la bati la marehemu, au mfuko wa ngozi uliokuwa ukining'inia juu ya kitanda chake. Ndani yake hukuta vitu vichache: nishani iliyoingia kutu, kadi iliyochakaa kwenye mikunjo, kitambulisho cha mtu wasiyemjua. Hapo huulizana, “Kitu hiki cha nini?” Na mtu wa kujibu amekwisha zikwa.

Jambo la kwanza la kufahamu ni hili. Tarbaj iko kaskazini-mashariki ya mji wa Wajir, kando ya barabara ya kwenda Elwak na Mandera, katika nchi ya wafugaji. Siku hizi wako wengi wenye nyumba za kudumu, lakini wazazi wao walilelewa katika nyumba za fito na mikeka, ambazo mama huzibomoa na kuzipakia juu ya ngamia kila malisho yanapokwisha. Ngamia huyo hubeba mikeka, vyombo vya maziwa, maji, mtoto mchanga, na mzee asiyeweza kutembea. Katika safari kama hiyo hakuna nafasi ya kitu cha bure. Basi karatasi iliyopakiwa na kupakuliwa kwa miaka arobaini haikubaki kwa bahati. Mtu aliikusudia. Hata kama hakusema neno lolote juu yake, kule kuibeba kulikuwa ni neno.

Tuanze na nishani. Nyota ya rangi ya shaba yenye pembe 6 ni ya Vita vya Pili. Askari wa jeshi la King's African Rifles walipigana na Waitalia katika Somalia na Ethiopia mwaka 1940 na 1941, na baadaye, mwaka 1944, wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Uingereza haikuchora jina la askari juu ya nyota hizo. Lililoandikwa juu yake ni jina la nyota yenyewe. Iliyoandikwa Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati. Ile ya Burma ina utepe wa buluu iliyoiva, na katikati yake mstari mpana mwekundu. Kwa hiyo nyota yaonyesha nchi ya vita, lakini haimtaji mtu. Nishani za Vita vya Kwanza ni kinyume: namba na jina la askari huwa ukingoni, na yafaa kuzitazama kwa makini kwenye mwanga wa jua kabla ya kusema kwamba hazina maandishi.

Kisha kuna pasi. Wakati wa ukoloni, nchi yote ya mpaka wa kaskazini ilikuwa imefungwa. Sheria ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu iliwapa maofisa uwezo mkubwa juu ya mahali pa watu kukaa na kuhama. Mgeni hakuingia bila ruhusa, na mwenyeji hakushuka kusini bila karatasi mkononi. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, katika mwezi huohuo hali ya hatari ilitangazwa katika jimbo hili, na sheria zake hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika vita vilivyoitwa vya shifta, familia nyingi zilikusanywa katika vijiji vilivyolindwa na askari, na mifugo mingi ikapotea. Mapatano ya kuvimaliza yalifanywa Arusha mwezi wa Oktoba 1967. Mtu aliyepita katika miaka hiyo alijifunza kwamba karatasi yaweza kumwokoa, na kwamba karatasi hiyohiyo, ikisomwa na mtu asiyemtakia mema, yaweza kumwangamiza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Haishangazi kwamba alizificha hata kwa watoto wake.

Lakini liko sanduku ambalo husema kwa kile kisichokuwamo. Tarehe 10 Februari 1984, askari wa Serikali walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka sehemu nyingi za wilaya ya Wajir, pamoja na Elben na Dambas, ambazo leo zimo katika eneo la ubunge la Tarbaj. Walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Huko walivuliwa nguo, wakakaa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57 waliokufa. Walionusurika walitaja mamia, na wengine walisema elfu moja na zaidi.

Mtu aliyetoka Wagalla hakutoka na kitu mkononi. Kwa hiyo katika nyumba nyingine kumbukumbu ya siku zile ni pengo: karatasi zote za baba zina tarehe za baada ya Februari 1984, kama kwamba mtu yule hakuwa na maisha kabla ya mwezi ule. Katika nyumba nyingine ni kinyume chake: kitambulisho kilichoachwa nyumbani asubuhi ile kingali kipo, na mwenyewe hakurudi. Pengo peke yake si ushahidi. Karatasi huliwa na mchwa na hulowa mvua. Lakini ni sababu nzuri ya kuuliza.

Kadi nyingine ina rangi ya waridi. Mwaka 1989 Serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliokuwa watu wazima wahojiwe ili kuonyesha kwamba ni raia. Waliokubaliwa walipewa kadi ya rangi hiyo, waichukue pamoja na kitambulisho. Wako waliokataliwa, na wako waliofukuzwa nchini. Mtoto anayeiona kadi hiyo leo aweza kuidhani kadi ya chama au ya zahanati. Yafaa ajue kwamba siku moja baba yake, mzaliwa wa nchi hii, alisimama mbele ya meza kuulizwa kama ni mtu wa hapa.

Na mama je? Kabla ya sheria ya vitambulisho kubadilishwa mwaka 1978, wanawake hawakuandikishwa kama wanaume. Kwa hiyo karatasi za mama ni chache, na historia yake hufichika zaidi. Pengine kitu chake cha pekee ni kadi ya matibabu. Tangu mwaka 1976, Mwitalia aliyeitwa Annalena Tonelli aliwatibu wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir katika manyatta iliyotengwa kwa ajili yao, wakikaa hapo miezi 6 mpaka dawa zimalizike. Ugonjwa huo ulikuwa aibu kubwa, na watu waliogopa hata kuutaja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Basi mwanamke aliyeshinda aibu hiyo, akaenda, akakaa, akapona, alifanya jambo la ushujaa, ijapokuwa hakuwasimulia watoto wake. Tonelli huyohuyo aliwasaidia majeruhi wa Wagalla na kusaidia kupeleka habari zake nje, na baadaye akalazimishwa kuondoka Kenya.

Wako watakaosema kwamba mzazi aliyeficha mambo hayo aliwadanganya watoto wake. Hukumu hiyo si ya haki. Kusema uongo ni jambo moja, na kumnyamazia mtoto ili alale usingizi ni jambo jingine. Mzee aliyekaa kimya hakutaka mwanawe akue na kisasi moyoni, wala aseme maneno ya hatari shuleni au sokoni. Ukimya ule ulikuwa ni ulinzi. Lakini ulinzi wa mwaka 1985 si lazima uwe ulinzi wa leo. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikaa Wajir, na wazee walisema hadharani yale waliyoyanyamazia zaidi ya miaka ishirini. Ripoti yake ilitolewa mwaka 2013. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya Serikali kwa maovu yaliyopita, Wagalla ikiwamo. Mwezi wa Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki wa ziada ambao vijana wa wilaya za mpakani waliwekewa walipoomba vitambulisho. Kabla ya hapo, karatasi ya zamani ya baba au babu iliweza kuwa msaada mkubwa kwa kijana aliyetakiwa kuthibitisha asili yake.

Basi afanye nini mwenye sanduku kama hilo nyumbani? Kwanza, asiioshe nishani wala kuisugua kwa mchanga, na asibandike karatasi kwa gundi. Aiweke katika bahasha kavu, mbali na mchwa na moshi, na aipige picha pande zote mbili. Pili, aulize wakati mzee yu hai. Asimwambie, “Nisimulie maisha yako,” maana hilo ni kama kumtwisha mtu mzigo wote kwa mara moja. Achukue kitu kimoja, akae chini, aseme kwa adabu, “Aabo, kitu hiki ulikipata wapi?” kisha anyamaze. Mzee akigeuza uso, jambo liachwe hata siku nyingine. Kama baba hataki, adeer au shangazi aweza kujua. Tatu, aandike jina la msemaji na tarehe aliyosema. Taarifa za mwaka za wilaya ya Wajir za wakati wa ukoloni zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, na mwenye mwaka na jina la mahali ana pa kuanzia. Nne, kitu cha marehemu kisifanywe silaha ya ugomvi baina ya koo. Mzee alikificha ili amani ikae nyumbani. Si vema kikatolewa ili kuivunja.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1984 sasa amepita 60. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mapatano ya Arusha anakaribia 80. Watu hao wangali wanakaa chini ya miti ya Tarbaj jioni, wakinywa chai ya maziwa, na wajukuu wao wanapita wakihesabu majina ya mababu kwa ufasaha. Kuuliza si ujinga. Mjukuu na akae karibu nao kidogo, na baada ya jina la babu yake aulize habari za mwaka mmoja tu wa maisha yake.