Mgonjwa anayekosa pumzi: kumgeuza kwa tumbo kunaomba mikono kuliko pesa

Mara nyingi mgonjwa anayekosa pumzi analazwa chali, bomba la oksijeni puani, familia imekaa kando ikiomba Mungu. Anabaki hivyo usiku kucha. Hakuna anayeuliza kama kulala vile kunamsaidia ao kunamuumiza.

Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo. Ugonjwa mkali ukiingia, iwe Covid-19 ao nimonia, mapafu yanavimba ndani, yanajaa maji na kuwa mazito kama sponji iliyoloa. Mgonjwa akiwa chali, moyo, tumbo na uzito wa mapafu yenyewe vinagandamiza ile sehemu ya nyuma. Damu inaendelea kupita pale lakini hewa haifiki. Akigeuzwa kwa tumbo, sehemu ya nyuma inafunguka na damu inakutana tena na hewa.

Haya si maneno ya waganga wa kienyeji. Mwaka 2013, watafiti walioongozwa na munganga Mfaransa Claude Guérin walitoa matokeo ya wagonjwa 466 wa Ufaransa na Uhispania, wote wakiwa kwenye mashini ya kupumulia. Kati ya waliogeuzwa kwa tumbo, angalau saa 16 kila mara, asilimia 16 walikufa ndani ya siku 28. Kati ya walioachwa chali walikufa karibu asilimia 33. Ni nusu ya vifo, bila dawa mpya hata moja.

Mtu atasema: mashini hizo ziko wapi huku Kivu na Ituri? Ni kweli, ni chache sana. Lakini wakati wa Covid-19, katika inchi sita, wagonjwa 1.126 waliokuwa macho na wakipewa oksijeni ya nguvu walifuatiliwa pia. Walioombwa kulala kwa tumbo walihitaji mashini mara chache kidogo kuliko wengine. Vifo vyenyewe havikupungua waziwazi, na haifai kuwadanganya watu. Hata hivyo, mahali ambapo mashini haipo, kuchelewesha siku ya kuihitaji si jambo dogo.

Kinachokosekana ni mikono. Kumgeuza mtu mwenye bomba kooni kunaomba watu wane ao watano waliofundishwa, bomba lisichomoke, macho yasiumie, ngozi isitoke vidonda. Pale ambapo muuguzi mmoja analinda chumba kizima, tena bila mshahara wa serikali, kazi hiyo haifanyiki. Mgonjwa aliye macho ni jambo lingine: anaweza kujigeuza mwenyewe, ndugu anayemlinda akishika mto, muuguzi akiangalia kipimo cha oksijeni kidoleni. Familia tayari ziko hospitalini, zinapika, zinafua, zinaosha mgonjwa. Kwa nini zisionyeshwe na hili? Lakini si kwa mtu aliyepoteza fahamu, wala mama mwenye mimba kubwa, wala aliyevunjika uti wa mgongo. Na si nyumbani, kama njia ya kukwepa hospitali.

Upande wa uvimbe, dawa iko, na ni ya bei ndogo: deksametazoni. Mwezi wa sita 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiopita siku 10, zilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kati ya wagonjwa wa Covid-19 waliokuwa kwenye mashini, na kwa karibu moja ya tano kati ya waliopewa oksijeni tu. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni hawakupata faida yoyote.

Huku Kongo dawa hiyo inajulikana kwa sababu nyingine kabisa: kuna wanaoimeza ili wanenepe! Inauzwa bila karatasi ya munganga, kama peremende. Lakini inatuliza uvimbe kwa kushusha nguvu za kinga ya mwili. Mwenye kifua kikuu ambacho hakijapimwa anaweza kuharibikiwa zaidi, na mwenye sukari inampanda. Wakubwa wa afya katika majimbo wanajua mambo hayo, na wakaguzi wa famasi wanalipwa kwa kazi hiyo. Waanze hapo, na kando ya kila kitanda chenye oksijeni wabandike karatasi moja ya Kiswahili inayoonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa, kwa sababu umeme ukikatika na mashini ya kutoa oksijeni ikizimika, hiyo mikono ndiyo inabaki.