Dogo wa Ruaha Mbuyuni, usitoe vitunguu kwenye gemu lako

Wadau, leo naomba dakika zenu chache. Hakuna nani kamwacha nani, hakuna nani kaposti gari la kuazima. Leo kuna dogo mmoja, kuna bosi mmoja, na kuna gunia la vitunguu. Majina siweki, na tafadhali msianze kubahatisha kwenye komenti. Dogo kaniruhusu niandike, bosi hajaniruhusu, kwa hiyo wote wawili wanabaki hivyo hivyo.

Ishu iko hivi. Dogo ni mtoto wa Ruaha Mbuyuni. Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Iringa, Mbeya au Songea, hapo unapajua hata kama ulikuwa umesinzia. Ukishapita Mikumi unaingia bonde la mibuyu, joto linakubana, halafu basi linapunguza mwendo na dirishani inatokea mikono imeshika vitunguu. Ndipo hapo. Wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, na mbele yako unasubiriwa na mlima Kitonga.

Huyu dogo ana mwaka wa tatu anatengeneza gemu la simu. Laptopu yake ya mtumba, ukiifunga vibaya haiwaki tena mpaka uibembeleze. Gemu lenyewe ni la kijiji cha barabarani: unakiendesha kijiji, unapanga mikakati ya kuuza mazao, na unatuma watu safari za hatari. Vitu vitatu ndani ya gemu moja.

Bosi ni mtu wa Dar, anaweka hela kwenye muziki na video, wengi wenu mmecheza ngoma alizozilipia. Kaliona gemu, kalipenda, kaweka mkwanja mezani. Mkwanja wa kweli, si wa kupigia picha. Ila kaja na masharti. La kwanza: toa vitunguu, weka kasri, joka na bunduki. La pili: jina na kila kitu cha gemu kiwe mali yake. Dogo kapewa hadi mwisho wa mwezi asaini.

Mimi nasema asisaini hivyo. Na kabla hujaniita mshamba, niseme wazi kwamba nina upande. Mama yangu aliuza vitunguu kwenye barabara hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nimekimbiza mabasi nikiwa na beseni kichwani. Kwa hiyo soma ukijua hilo.

Gemu lenyewe likoje

Dogo kanipa nicheze kwenye simu yangu wiki nzima. Unaanza na kaya 12, mfereji mmoja na ghala lisilo na mlango. Upande wa kijiji, kazi yako ni kugawa zamu za maji, kuotesha miche kitaluni, kuihamishia shambani, kuvuna, kukausha. Ukivuna ukaweka ghalani vitunguu vibichi, vinaoza na vinaambukiza jirani zake. Hakuna mtu anayekuja kukuelezea hayo, unajua siku ukinusa hasara.

Upande wa mkakati, adui yako hana mapembe. Ana kalamu sikioni na anaitwa dalali. Anajua bei ya Dar leo, wewe unajua ya wiki iliyopita. Halafu anakuja na lumbesa. Mnaijua lumbesa? Gunia linajazwa, linashonewa kilemba juu, linajazwa tena, halafu linalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, wote tunajua, na wote tumeliona likipandishwa kwenye lori. Kwenye gemu unaamua: ukatae lumbesa na lori liondoke tupu, au ukubali ulipe ada za shule za watoto wa kijiji. Nilikaa na hilo swali dakika tano nzima, mtu mzima mimi, nikiwa kwenye daladala.

Kuna na mto. Ruaha Mkuu unafika pale ukitokea bwawa la Mtera, na ukitoka pale unaelekea Kidatu. Mtera lilijengwa kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme, Kidatu halikadhalika. Maana yake wewe mkulima wa katikati, maji yanayopita mlangoni kwako yameshapangiwa kazi na watu usiowaona. Dogo kaliweka hilo ndani ya gemu bila hotuba. Maji yanapanda, maji yanashuka, wewe unapanga zamu.

Upande wa safari ndio walionimaliza. Unamchagua mtu mmoja kijijini anaondoka. Anaweza kupanda na lori kwenda Dar kuangalia bei kwa macho yake. Anaweza kufuata kijito mpaka milima ya Udzungwa kujua kwa nini maji yamepungua. Anaweza kuwa utingo kwenye lori la mzigo linaloteremka Kitonga usiku, breki zikinuka. Safari ni tamu, ina hatari, ina watu wa ajabu. Lakini aliyeondoka kaacha pengo. Kama ndiye aliyekuwa anafungua mfereji, nani anaufungua?

Mimi kwa tamaa nilituma vijana wote watatu safari kwa mpigo. Nikarudi na habari za bei, nikarudi na ramani ya chanzo cha maji, nikajiona jembe. Kumbe mfereji ulipasuka siku ya pili. Miche imekauka na kaya moja imefungasha imehama. Gemu halikupiga kelele wala kuandika UMESHINDWA kwa herufi nyekundu. Ile nyumba tu ilibaki pale, mlango wazi. Iliniuma, sitaki kuwaficha.

Hoja za bosi, tumtendee haki

Bosi si mjinga. Anasema hakuna kijana anayetaka kubeba vitunguu kwenye simu wakati kwao kavikimbia. Anasema hela iko nje, na wa nje wanataka kasri. Na anasema kuna kipande kinahuzunisha watu, kitoke.

Nianze na la vitunguu. Mwaka 2016 lilitoka gemu linaitwa Stardew Valley. Kalitengeneza Mmarekani mmoja, Eric Barone, peke yake, kwa zaidi ya miaka minne. Ni gemu la kulima. Unapanda, unamwagilia, unauza, jioni unashuka mgodini kupigana na madudu. Limeuza zaidi ya nakala milioni 30. Kwa hiyo kama mtu amekwambia dunia haitaki kulima kwenye skrini, muulize hizo nakala milioni 30 amenunua nani.

La kasri. Sina ugomvi na kasri, ila kasri tayari lina wenyewe. Dogo wa Ruaha Mbuyuni akitengeneza kasri anashindana na makampuni yenye wachoraji mia tatu ambao wamechora makasri maisha yao yote. Akitengeneza Kitonga usiku, anashindana na nani? Tuangalie mfano wa karibu. Mwaka 2024 lilitoka Tales of Kenzera: Zau, chini ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Kaanzia kwenye msiba wa baba yake na hadithi za Kibantu, na gemu unaweza kulicheza lote sauti ikiwa ya Kiswahili. Lilibebwa na EA, kampuni ile ile ya gemu la mpira mnalogombania vibandani. Na mnakumbuka wimbo Baba Yetu wa gemu la Civilization IV? Umeimbwa kwa Kiswahili, mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kuchukua Grammy. Wenzetu wanakichukua Kiswahili wanakwenda nacho jukwaani, sisi tunaambiana tukifute.

Kuna hoja nyingine ya bosi nimeisikia kupitia kwa dogo: kwamba kuchanganya vitu vitatu kunamchanganya mchezaji. Hapa kidogo ana pointi, lakini dawa yake si bunduki. Gemu la ActRaiser la mwaka 1990 lilikuwa na kujenga mji na kupigana, nusu kwa nusu, na siri yake ilikuwa moja: watu wa mji wakiongezeka, na wewe nguvu zako zinaongezeka. Majesty la mwaka 2000 likafanya jingine: mashujaa wako huwaamrishi, unaweka zawadi mahali na wao wanaamua kama inawalipa kwenda. Yote mawili yanasema kitu kimoja, kwamba vipande vikitegemeana mchezaji hachanganyikiwi. Anachanganyikiwa vikikaa kama wapangaji wasiosalimiana.

Na kwani sisi wageni wa hilo? Nenda kijiweni kaangalie wazee wakicheza bao. Mashimo 32, kete 64. Mnaanza kila mtu na kete 10 tu ubaoni, 22 ziko mkononi, unanamua moja moja. Kuna shimo linaitwa nyumba, lina kete 6, na nusu ya akili ya mchezo ni kuamua lini unailinda nyumba na lini unaisafirisha. Kama huo si usimamizi wa mji na mkakati ndani ya ubao mmoja, basi sijui ni nini.

Kile kipande kinachohuzunisha

Sasa tuje kwenye kipande bosi anachotaka kitoke. Mwanzoni mwa gemu kuna mama anauza barabarani. Basi linasimama, abiria wa dirishani anachukua vitunguu, anatoa noti kubwa, mama anahangaika kutafuta chenji. Au abiria anaanza kupapasa mfukoni. Basi linaondoka. Wakati mwingine pesa inarushwa chini, wakati mwingine hairushwi. Mama anasimama, anaangalia, anapanga upya beseni lake. Basi lingine linakuja.

Bosi anasema inashusha mudi.

Mimi nilimwona mama yangu kwenye hiyo hali mara nyingi kuliko nitakavyosema hapa. Mara moja nilikimbiza basi mpaka karibu na darajani, nikiwa na miaka tisa, nikipiga ubavu wa gari kwa kiganja. Konda alinicheka. Nikarudi nikamkuta mama kaniwekea maji ya kunywa, akaniambia, "Mwanangu, usikimbize tena. Lile limeshakwenda, angalia linalokuja." Dogo hanijui utotoni mwangu wala hakumjua mama, lakini kile kipande kakiweka sawasawa, mpaka lile la kupanga upya beseni. Nilizima simu nikatoka nje kidogo.

Wewe unayesoma hapa inawezekana ulikuwa dirishani. Sikulaumu, dereva ndiye aliyekanyaga mafuta. Ila ukicheza hilo gemu, safari ijayo utatoa hela kwanza, halafu ndio upokee vitunguu.

Dogo, na wewe sikia

Sikusifii tu. Gemu lako lina makosa. Moja, shujaa wa safari ya Udzungwa akirudi anamaliza tatizo la maji la kijiji kizima peke yake. Hapana. Arudi na habari, halafu kijiji kikae kikao, kigombane, kiamue. Mbili, dalali wako ni mbaya muda wote. Madalali wengine ndio wanaowakopesha watu msimu wa njaa, ndiyo maana ni vigumu kuwaacha. Mpe sura mbili. Tatu, punguza uzito wa faili. Mashabiki zako wana simu zilizojaa na bando la kupima kwa kijiko.

Na kuhusu karatasi: usisaini ukiwa na njaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda hata programu za kompyuta, kwa hiyo ulichoandika ni chako mpaka mkono wako useme vinginevyo. COSOTA wapo, kasajili kazi yako. Jina la gemu kaliulizie BRELA. Halafu rudi kwa bosi kwa heshima, mwambie: hela yako naitaka, asilimia tuongee, trela weka hata msanii wako, ila jina na vitunguu vinabaki. Akikataa, umepoteza mkwanja. Inauma, na mimi sikulipii kodi, najua. Lakini ukitoa vitunguu hujapunguza kitu kimoja kwenye gemu. Zamu za maji zimekwenda, lumbesa imekwenda, yule mama kaenda. Kinachobaki ni joka, na joka hata la bure yapo.

Bosi, na wewe kama unasoma, najua unasoma: hujakosea kuweka hela kwa huyu dogo. Umekosea kutaka kununua kitu halafu ukitupe kile kilichokufanya ukipende.

Mwisho wa mwezi haupo mbali. Dogo kaniambia atasoma komenti zenu zote kabla hajaamua, kwa hiyo andikeni kama watu wazima. Wewe ungesaini? Na wale wa Kilolo, Ilula na Iringa mjini, kamweneee, leo ni zamu yenu kusema.