Jaribio likifeli Dar, usilinyamazishe kwa UTC

Blogu imekuwa kimya kidogo, mnajua wenyewe msimu huu wa assignment ulivyo. Leo nina neno na wenzangu wa maabara ya kompyuta, hasa sisi tunaohangaika na programu huria. Ile tabia ya kubandika TZ=UTC kila jaribio la saa linapofeli, ili skrini iwe ya kijani tukalale, mimi siiungi mkono. Tunajidanganya, na wanaokuja kuumia ni watumiaji wa huku huku kwetu.

Ngoja nieleze kwa wale wa Historia na Kiswahili tusije tukaachana njiani. Programu nyingi huria zinakuja na majaribio yake, yaani vipande vidogo vya msimbo vinavyoiuliza programu maswali na kusahihisha majibu. Sasa chukua JavaScript. Ukiandika new Date(2020, 0, 1) unapata saa sita kamili usiku, tarehe 1 Januari 2020, kwa saa za mashine uliyonayo (miezi inahesabiwa kuanzia sifuri, msiniulize kwa nini). Halafu mtu anaipitisha kwenye toISOString, ambayo inatoa jibu kwa UTC, ile saa ya marejeo ya dunia, anakata herufi kumi za mwanzo anaziita tarehe. New York wakati wa baridi wako saa 5 nyuma ya UTC, kwa hiyo kwao jibu linakuwa 05:00 ya tarehe ileile. Limepasi. London mwezi Januari wako sawasawa na UTC. Limepasi. Seva zinazoendesha majaribio ya miradi kwa kawaida zimewekwa UTC, nako limepasi. Njoo Dar, Nairobi au Kampala, tulio saa 3 mbele: jibu ni 2019-12-31, saa 21:00. Limefeli!

Yaani mwandishi aliye Marekani anaweza kukaa miaka asilione kosa lake, wakati sisi tunaliona kila siku ya mwaka, asubuhi na jioni. Sasa kati yetu na yeye, nani ana mashine mbovu?

Tuko wanne hapa bwenini, tunatengeneza daftari la mahudhurio la kwenye simu ili twende nalo kwenye mazoezi ya kufundisha. Tukachukua maktaba moja huria ya kalenda, tukaendesha majaribio yake, manne yakafeli. Mwenzetu mmoja, jamaa mkali wa hesabu, akasema hizo ni kelele tu za laptopu, weka UTC twende tukale. Tukabishana mpaka wali ukaisha kantini. Hoja yangu ilikuwa kwamba simu ya mwalimu wa shule ya kata haiko UTC na haitakaa iwe UTC. Akichagua Jumatatu kwenye ile kalenda, inahifadhiwa Jumapili. Darasa zima limehudhuria Jumapili, jamani! Ijumaa aliyoumwa mtoto inasomeka Alhamisi, na mzazi anaitwa shuleni kujibu utoro wa siku ambayo mwanawe alikuwepo darasani, kakaa dawati la mbele. Huyo mzazi utamwambia majaribio yalikuwa kijani?

Na sisi tunasomea ualimu. Darasa zima likikosa swali, mwalimu anatafuta kilichokosewa, iwe kwenye swali au kwenye ufundishaji. Akilifuta swali kimya kimya ili wastani upande, tunamjua ni mwalimu wa namna gani.

Kuna wanaosema Afrika Mashariki hatusogezi saa kiangazi, kwa hiyo mambo haya hayatuhusu. Mimi naona ndiyo kwanza yanatuhusu. Kwa kuwa hatusogezi, kosa la wenzetu kwetu halijifichi miezi sita na kuibuka mingine sita. Lakini ni kweli pia kwamba makosa ya kusogeza saa sisi hatuyaoni kabisa tukijaribu kwa saa ya Dar peke yake, na majirani wanasogeza: Misri waliirudisha saa ya kiangazi mwaka 2023. Ndiyo maana nasema endesha majaribio kwa kanda zaidi ya moja. Kwenye Linux andika TZ=Africa/Dar_es_Salaam kabla ya amri yako, rudia na America/New_York, kisha Asia/Kathmandu, ambako wako saa 5 na dakika 45 mbele. Hizo dakika 45 huwa zinaumbua watu.

Kuna wakati kosa ni la jaribio lenyewe, hilo sikatai. Kanda zote za saa zimeandikwa kwenye hifadhidata moja iliyoanzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, sasa inaratibiwa na Paul Eggert, na watu wanaisahihisha kila mara. Tangu 2014 Dar es Salaam humo ndani ni kiungo tu kinachoelekeza Nairobi. Na Nairobi yenyewe, matoleo ya zamani yalisema ilikuwa nyuma ya saa ya leo kwa dakika 15 hadi mwisho wa 1959. Matoleo ya sasa yanasema ilishaingia saa 3 kamili mbele tangu Agosti 1942. Jaribio lililoshikilia tarehe ya kuzaliwa ya mzee wa 1950 litapasi kwenye kompyuta ya zamani na kufeli kwenye mpya. Hapo rekebisha jaribio, sina ugomvi.

Programu isipojengeka kabisa, mara nyingi ni jambo dogo. Wenye Windows na Python 3.9 kwenda juu, mkiambiwa Africa/Dar_es_Salaam haipo, andikeni pip install tzdata, imekwisha. Kwenye Ubuntu 24.04 majina ya kizamani kama US/Pacific yamehamishiwa kifurushi cha tzdata-legacy. Na Docker ikiganda katikati, huenda tzdata inakuuliza unaishi bara gani na hakuna wa kuijibu; weka DEBIAN_FRONTEND=noninteractive.

Kilichobaki ni kuwaandikia wenye miradi, jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa kwa sababu ya Kiingereza. Hawahitaji insha. Wape toleo, kanda yako ya saa, amri uliyoendesha, jibu lililotarajiwa na lililokuja. Sisi yetu tumeituma juzi usiku, mistari sita tu, na yule jamaa wa hesabu ndiye aliyeiandika. Mwenye laptopu anayetaka kuendesha majaribio yale manne kwake aje bwenini kwetu jioni, flashi ninayo. Na atakayekuta yamepasi akiwa hapa hapa Bongo, aangalie kwanza saa ya mashine yake.