MZAZI ALIYEFIWA NA MTOTO MCHANGA



Mwenzetu akifiwa na baba au mama, sisi watu wa reli twajua la kufanya. Daftari la mchango hupita karakanani kabla ya saa nne, na jioni watu hufika Kibera, Kawangware, Dagoretti, popote anapokaa. Lakini akifiwa na mtoto aliyezaliwa mfu, au aliyeishi siku mbili tu, daftari halionekani. Baba huenda karibu peke yake na kisanduku hadi makaburi ya Lang'ata, na kesho yake yuko kazini. Twamwambia, "Pole, bado u kijana, utapata mwingine," kisha twashika nyundo.

Maneno hayo hayafai. Mtu aliyefiwa na nduguye haambiwi kwamba anao ndugu wengine. Yatosha kusema, "Pole sana, ndugu yetu," na kama mtoto alipewa jina, tumtaje kwa jina lake. Kisha tunyamaze tumsikilize. Asiyetaka kusema asilazimishwe, lakini aulizwe tena baada ya mwezi, maana wakati huo wote wamekwisha kusahau isipokuwa yeye.

Na mama je? Wengi wetu wanaume hatujui ya kuwa maziwa humjia hata kama hakuna wa kunyonya. Nguo za mtoto zisiondolewe nyumbani kabla hajaulizwa. Tena kuna masengenyo, kwamba alibeba mzigo mzito, kwamba amerogwa. Hesabu za Umoja wa Mataifa zaonyesha kuwa watoto karibu milioni 2 huzaliwa wafu kila mwaka duniani, nao ni wale waliofikisha majuma 28 tumboni. Zaidi ya 4 katika kila 10 hufa mama akiwa katika uchungu, na wengi wao wangeokolewa kwa msaada wa upesi. Basi mama alaumiwe kwa lipi?

Sasa habari ya likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, humpa mama miezi 3 na baba majuma 2, kwa mshahara kamili. Haisemi neno juu ya mtoto aliyekufa. Kwa hiyo wako wasimamizi wasemao, "Hakuna mtoto, hakuna likizo," na kumkata mtu siku zake za likizo ya mwaka. Lakini Sheria ya Kuandikisha Vizazi na Vifo, Sura ya 149, yasema kuzaliwa ni mtoto kutoka kwa mamaye baada ya juma la 28, awe hai au mfu. Ikiwa Serikali yahesabu kuwa amezaliwa, karani wa zamu atasemaje hakuzaliwa?

Mimba iliyoharibika kabla ya juma hilo haimo katika maneno hayo. New Zealand mwaka 2021 ilitunga sheria ya siku 3 zenye mshahara kwa mama na mwenzake wakipatwa na hayo. Nasi twataka jambo hili liingizwe katika mapatano yetu na mwajiri, na tawi litaliandikia halmashauri.

Kwa sasa, mwanachama aliyefiwa asitie sahihi karatasi ya likizo ya mwaka kabla ya kumwona mwakilishi wa karakana yake. Na aje na hati ya hospitali inayoonyesha majuma ya mimba.