Baiskeli Isingoje Aprili

Ndugu zangu wa Minneapolis na Saint Paul, Wakenya, Watanzania, Wakongomani na wote tunaosalimiana kwa Kiswahili, baridi imeshaingia. Desemba jua hutoka karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Anayefanya zamu ya mchana ghalani au kwenye nyumba za kutunzia wazee anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona.

Septemba 2025 tulikesha kutazama mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika. Tuliona mabingwa wakihema kwenye kilima cha mawe cha Kimihurura, na watu wa Rwanda wamejaa kandokando ya barabara. Wiki zilizofuata nilikutana na wenzetu wengi kuliko nilivyozoea kwenye njia ya baiskeli ya Midtown Greenway, wengine na watoto wao. Nilifurahi sana. Kisha barabara zikaanza kuteleza, na baiskeli zikaingizwa gereji kungoja Aprili.

Naomba zisingoje. Pumzi uliyoijenga tangu Juni huanza kupungua ndani ya wiki chache tu za kukaa, na miezi mitano ni mingi mno kwa mwili.

Kinachohitajika ni stendi ya mazoezi: chuma chenye miguu kinachoshika gurudumu la nyuma kwenye ekseli, tairi likiegemea rola inayokazwa kwa sumaku au mafuta. Unakanyaga hapohapo ulipo. Zipo za bei kubwa zinazoungana na simu na kukuchorea milima kwenye skrini, lakini ya mtumba inatosha kabisa.

Asikuambie mtu kwamba hayo si mazoezi ya kweli. Mathew Hayman wa Australia alivunjika mkono mwishoni mwa Februari 2016. Hakuweza kupanda barabarani, akafunga baiskeli kwenye stendi nyumbani na kukanyaga wiki baada ya wiki. Aprili 10 mwaka huohuo alishinda Paris–Roubaix, mbio ya zaidi ya kilomita 250 yenye vipande virefu vya barabara ya mawe, akimtangulia Tom Boonen aliyekuwa ameishinda mara nne.

Wengi huanza Novemba na kuacha kabla ya Krismasi, na mara nyingi kilichowashinda ni joto. Barabarani upepo hukupoza bila wewe kujua. Ndani hakuna upepo, kwa hiyo jasho halikauki, moyo unakwenda mbio, na dakika 20 unaziona kama saa mbili. Nunua feni kabla ya kitu kingine chochote, iweke mbele yako, na fungua dirisha kidogo hata kama nje kuna theluji. Tandika taulo juu ya usukani, maana chumvi ya jasho hula chuma. Mwenye jirani chini yake aweke mkeka mzito wa mpira chini ya stendi. Na watoto wasisogee kabisa: mnyororo na gurudumu linalozunguka haviwezi kuhurumia kidole.

Siti ipande mpaka kisigino kikiwa juu ya pedali, pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Anayeanza akanyage kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza, dakika 30, siku 5 za wiki. Hapo amefikisha zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kuwa kiwango cha chini kwa mtu mzima. Aliyezoea apashe mwili moto dakika 10, kisha akaze dakika 4 na kulegeza dakika 3, mara 4. Mwenye matatizo ya moyo au presha amwone daktari kwanza. Na kwa kuwa miaka hii Ramadhani inaanza Februari, wanaofunga wanaweza kupanda kidogo baada ya futari nyepesi.

Kwa akina mama nina neno la pekee. Wapo ambao utotoni waliambiwa baiskeli ni ya wavulana, wakakua bila kuigusa. Kwenye stendi hakuna kuanguka wala macho ya barabarani. Mama wa miaka 50 ambaye hajawahi kuendesha anaweza kuanza leo usiku, mlango umefungwa.

Sasa nisikilizeni, viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu. Sisi ni hodari wa kuchanga. Mtu akifariki, haichukui siku nyingi nauli ya mwili kwenda Kisumu, Moshi au Bukavu imetimia, nami najivunia hilo. Lakini nimekaa kwenye vikao vingi mno vya misiba ya watu wasiofika miaka 60, na minong'ono ni ileile: presha, sukari, moyo. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Hiyo ni dawa tunayoweza kuichangia mtu angali hai. Tengeni fungu la stendi tatu na feni mbili. Ukumbi tunao tayari, na siku za kazi jioni hukaa mtupu.

Mimi nimeanza na besimenti yangu. Kuna stendi mbili, feni moja kubwa, na chai ya tangawizi kwa watakaomaliza. Kila Jumamosi saa nne asubuhi mlango uko wazi, mpaka theluji iyeyuke. Usiye na baiskeli njoo na viatu tu, tutapokezana.