Vocha ya elfu tano na mkebe wa hesabu

Ni muda sijapita hapa, nilikuwa BTP. Nilipangiwa Kiomboi, kule Iramba mkoani Singida, nyumbani kabisa, nikafikia kwa shangazi. Sasa nimerudi chuo Dodoma, chaki bado ziko mfukoni, na kuna jambo limenikaa kichwani nataka tuliongee.

Desemba iliyopita, binamu yangu, binti wa shangazi, alichaguliwa kwenda Kidato cha Kwanza. Mimi kaka mtu nikasema lazima nitoe zawadi. Nikampa vocha ya kukwangua ya shilingi 5,000, nikamwambia, "Ukikwama hesabu, unipigie."

Kwa nini sikumpa hela taslimu? Wacha niseme ukweli... sikumwamini. Niliona nikimpa noti, itaishia kwenye hereni na ubuyu. Vocha ni hela iliyofungwa mikono, haiwezi kwenda pengine. Nikajiona mjanja ile mbaya.

Basi nikasubiri simu. Januari kimya. Machi kimya. Nikanuna, nikasema watoto wa siku hizi hawana shukrani.

Nilipofika BTP mwezi wa saba ndiyo nikauliza. Binti akaingia ndani, akatoka na mkebe wa hesabu na madaftari mawili yaliyokwisha jaa. Kumbe vocha hakuikwangua kabisa! Alimuuzia dereva wa bodaboda kwa elfu nne. Akaniangalia chini chini, akasema, "Kaka nisamehe. Simu ningeweza kukubipu. Mkebe haubipiwi."

Wadau, nilikosa la kusema.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nafundisha faida na hasara. Kitu kimenunuliwa 5,000, kimeuzwa 4,000, hasara ni asilimia 20. Nikiwa ubaoni nikajiuliza, hii elfu moja nani kaipoteza? Si yeye. Yeye kaokoa elfu nne. Elfu moja nimeipoteza mimi, siku ile nilipoamua kwamba mtoto hawezi kushika noti.

Na kuna kitu kingine sikukifikiria. Binti hana simu wala laini. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na yeye umri huo bado. Simu ya pale nyumbani ni kitochi cha shangazi. Ile vocha angeikwangua, ingeingia kwenye laini ya mama yake, na angejiunga kifurushi cha wiki, wiki ikiisha nacho kimekwenda. Kwa hiyo nilimpa mtoto zawadi ya kutumia kwenye simu ya mtu mwingine. Zawadi gani hiyo?

Wala hakubuni jambo jipya. Wakubwa wanakumbuka: kabla ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007 na kwetu mwaka 2008, watu wa Afrika Mashariki walikuwa wanatumiana namba za vocha kwa meseji. Ndugu wa kijijini anaiuza kwa mwenye duka, anakatwa kidogo, anapata hela ya chumvi na dawa. Vocha iligeuzwa hela kwa sababu mwenye shida anaijua shida yake kuliko anayemtumia.

Najua kuna mdau atasema, "Ukimpa mtoto hela atachezea." Inawezekana. Lakini hebu tujiangalie sisi. Bodi ya Mikopo inatuingizia fungu la vitabu na viandikwa. Nani kati yetu, bumu likitoka, anakwenda moja kwa moja duka la vitabu? Wengine ni simu mpya, wengine chips kuku mpaka wiki ya pili, halafu tunarudi kwenye maharage. Tuna miaka ishirini na kitu na tunakosea. Tunajifunza kwa kukosea. Sasa yule wa miaka 14 atajifunza lini kupanga hela kama kila hela inayomfikia imeshapangwa na mkubwa?

Mwingine atasema hela taslimu wazazi wataichukua. Hilo ni kweli zaidi, na sitaki kumsema shangazi vibaya. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini sare, madaftari na mkebe bado ni juu ya mzazi. Alizeti isipouzika vizuri, elfu tano ya mtoto inaonekana kama unga. Ila dawa yake si kuificha hela ndani ya vocha. Dawa ni kumpa mtoto mbele ya mama yake na kusema kwa heshima, "Shangazi, hii ni ya mdogo wangu ya shule, naomba aipange mwenyewe, wewe umsimamie." Maneno hayo ni magumu kuliko kununua kadi dukani, ndiyo maana mimi niliyakwepa.

Siku ya kuondoka niliyasema. Nikatoa noti ya elfu tano. Shangazi alicheka tu, akasema, "Haya, mwalimu." Binti akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja ndogo sana. Sikumuuliza ataifanyia nini, ingawa ulimi uliwasha.

Jana usiku nikiwa hosteli simu ikalia mara moja, ikakata. Namba ya shangazi. Nikapiga. Alikuwa amekwama kwenye sehemu.

Naomba kuwakilisha.