Moto wa London: watoto waambiwe na habari za yule fundi saa

Haya wadau, leo tuongee mambo ya shule kidogo. Wale mlio na watoto au wapwa wanaosoma England mtanielewa haraka. Mtoto akiwa na miaka mitano, sita, saba hivi, siku moja atarudi nyumbani kichwa kimejaa habari za Moto Mkuu wa London wa mwaka 1666. Mtaala wa huko ulioanza kutumika 2014 unautaja moto huo kama mfano wa tukio la kale la kuwafundisha watoto wa umri huo, na shule nyingi zimeung'ang'ania kwelikweli. Watoto wanajenga nyumba za maboksi, zinapangwa uwanjani kama kichochoro, zinatiwa kiberiti huku wenyewe wamesimama mbali wanashangilia. Wanaoka mikate. Wanaandika shajara kama za Samuel Pepys, yule bwana aliyechimba shimo akafukia mvinyo na jibini lake lisiungue.

Mimi sina ugomvi na somo hili. Ni somo zuri. Usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 2, moto unaanza kwenye nyumba ya mwokaji mikate Thomas Farriner, mtaa wa Pudding Lane. Kiangazi kimekuwa kikavu, nyumba ni za mbao na zimebanana, upepo unavuma kutoka mashariki. Meya anaamshwa, anaangalia, anasema mwanamke anaweza kuuzima kwa kukojoa, anarudi kulala. (Huyu meya ana ndugu zake wengi tu maofisini, lakini tuyaache hayo.) Kufikia Alhamisi nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 yamekwisha, na kanisa kuu la St Paul's limo. Mtoto wa miaka sita anaelewa kabisa kwa nini moto ulikimbia vile, na kwa nini baadaye jiji likaamuru nyumba zijengwe kwa matofali na mawe.

Juzi nilikuwa naongea kwa simu na mpwa wangu anayesoma huko. Alinisimulia yote hayo bila kukosea, mpaka ndoo za ngozi na kulabu ndefu za kubomolea nyumba. Nikamuuliza, haya, nani alilaumiwa? Akajibu mara moja: mwokaji mikate.

Hapo ndipo nina neno. Farriner hakuadhibiwa. Aliapa kwamba tanuri lake alilizima kabla ya kulala. Aliyenyongwa ni mtu mwingine kabisa, Mfaransa fundi saa aitwaye Robert Hubert.

Kumbukeni, mwaka ule Uingereza ilikuwa vitani na Waholanzi na Wafaransa. Moto ulipopamba tu, minong'ono ikaanza kwamba wageni ndio wanaochoma jiji, au Wakatoliki. Nyumba ya posta iliungua mapema, na mtambo wa kuchapia gazeti la serikali, London Gazette, nao ukaungua. Sisi wa kazi hii tunajua kinachofuata. Mahali pasipo na habari, uvumi unajaza nafasi yote. Watu walianza kuwapiga barabarani wote wenye lafudhi ngeni.

Hubert akakamatwa, akakiri. Kwanza alisema alitia moto Westminster, mahali ambapo moto haukufika. Alipoambiwa ulianzia Pudding Lane, akageuza maneno: basi ni pale kwa mwokaji. Clarendon, aliyekuwa mkuu wa mahakama za mfalme, aliandika baadaye kwamba hata majaji hawakumwamini. Hata hivyo akanyongwa, Oktoba 1666. Kati ya waliotia sahihi hati ya mashitaka walikuwamo Farriner na watoto wake. Kisha nahodha wa meli iliyomleta Hubert akaeleza kwamba walifika London siku mbili baada ya moto kuanza!

Haikuishia hapo. Kwenye mnara wa kumbukumbu, ule uitwao Monument, mwaka 1681 yaliongezwa maneno ya kuwabebesha Wakatoliki lawama ya moto. Yalifutwa, yakarudishwa, yakaja kufutwa moja kwa moja 1830. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi uongo ulikaa juu ya jiwe, watu wakipita chini yake kwenda sokoni.

Najua nitajibiwa kwamba watoto ni wadogo mno kwa habari za kitanzi. Lakini tayari wanaambiwa kwamba mtumishi wa Farriner aliogopa kupita darini akafia mle ndani, na hakuna anayezimia. Kitanzi si lazima kielezwe. Inatosha kusema waliadhibu mtu asiye na kosa. Na jamani, nionyesheni mtoto wa miaka sita asiyejua maana ya kusingiziwa. Mdogo mtu kavunja glasi, mkubwa ndiye kachapwa. Hilo analijua kuliko anavyomjua Mfalme Charles wa Pili.

Tena madarasa ya London ya leo yamejaa watoto wa wageni, Waswahili wetu wakiwamo. Hao wana haki ya kujua kwamba katika moto ule kulikuwa na mtu kama baba yao, mwenye lafudhi yake na ufundi wake, na jiji lilimfanya nini.

Wala halihitaji vitabu vipya. Mwalimu abandike ukutani ramani ya sehemu zilizoungua na kalenda ya Septemba 1666. Watoto watie alama moto ulipoanza, Jumapili. Watie alama meli ilipofika, Jumanne. Watafute Westminster kwenye ramani waone kama iliungua. Halafu mwalimu anyamaze, awaachie wao waamue kama yule fundi saa alisema kweli.